Klachi Inaposhika na Klachi Inaposhikwa: Istilahi za Milio ya Pikipiki za Mbio

Tuliletewa na mfasiri mmoja kurasa chache za mwongozo wa kutengeneza pikipiki za mbio, alizokuwa amezitafsiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi, akatutaka tumkagulie istilahi zake. Kwa pikipiki za mbio tunakusudia zile zinazouzwa kwa matumizi ya barabarani, lakini zimeundwa kwa kufuata mfano wa zile za mashindano. Kurasa hizo zilihusu kelele zisizo za kawaida zitokazo katika klachi na giaboksi. Kiswahili chake kilikuwa safi na sarufi haikuwa na kasoro. Hata hivyo sentensi moja ilitusimamisha, nayo ilisema hivi: "Kelele ikisikika klachi inaposhikwa, na ikipotea klachi inapoachiwa, kagua beringi za giaboksi." Kila neno katika sentensi hiyo ni la Kiswahili fasaha, lakini fundi atakayeifuata atafanya kinyume kabisa cha yale aliyoyakusudia mwandishi wa asili.

Ili kosa hilo lionekane, hapana budi tueleze kwanza kazi ya klachi yenyewe. Klachi ya pikipiki ni rundo la sahani za duara zilizopangwa kwa zamu: sahani ya msuguano, kisha ya chuma, kisha ya msuguano tena. Sahani za msuguano zina masikio yanayoingia katika mianya ya kikapu, nacho kikapu huzungushwa na injini wakati wote. Sahani za chuma zina meno upande wa ndani yanayokamata kitovu, na kitovu hicho kimefungwa kwenye shafti inayoingiza nguvu katika giaboksi. Springi huzibana sahani zote zikawa kitu kimoja, na nguvu ya injini ikapita hadi kwenye gia. Mwendeshaji akivuta wenzo ulio upande wa kushoto wa usukani, mbano huo huondoka, sahani hupata nafasi, na kikapu huendelea kuzunguka bila kuipa giaboksi nguvu.

Kwa hiyo mkono unaposhika, sahani huachana. Na mkono unapoachia, sahani hushikana. Hapo ndipo penye mtego. Neno klachi tumelipata kwa Waingereza, na katika lugha yao maana yake ya asili ni kushika kwa nguvu, kama mwewe ashikavyo kifaranga. Waingereza wasemapo kwamba klachi imeshika, wanazungumzia sahani. Fundi wetu aliyejifunza kazi gereji akiambiwa "shika klachi" hupeleka vidole kwenye wenzo. Wenye magari wamesalimika na utata huu kwa sababu wao hukanyaga klachi, na hakuna sahani ikanyagayo. Katika pikipiki, mkono na sahani vyote viwili hushika, na havishiki kwa wakati mmoja.

Tumeonelea kwamba dawa yake imo katika sarufi yetu wenyewe. Kiambishi cha kutendana kinaeleza jambo ambalo kitenzi kitupu hakiwezi kulieleza. Twapendekeza, basi, kwamba panapozungumzwa sahani isemwe daima kuwa zimeshikana au zimeachana. Na panapozungumzwa mkono, atajwe wenzo kwa jina lake, kwamba umevutwa au umeachiwa. Wapo waliopendekeza kubana wenzo, nalo ni neno litumikalo sana na mafundi. Sisi tumesita kulikubali katika maandishi kwa kuwa springi nazo hubana, na tungekuwa tumeutoa mtego mlangoni tukautega dirishani. Kuvuta hakuna mshindani.

Sentensi ya mfasiri wetu ikiandikwa kwa utaratibu huo itakuwa hivi: "Gia ikiwa huru na injini ikiwa inanguruma taratibu, kelele ikisikika wenzo ukiwa umeachiwa, na ikipotea wenzo unapovutwa, kagua beringi za shafti ya kuingizia nguvu." Sababu yake sasa ni dhahiri. Wenzo ukiachiwa, sahani zimeshikana na shafti hiyo huzunguka pamoja na injini; ukivutwa, shafti hupoteza mwendo, na beringi mbovu hunyamaza. Kelele inayozuka wenzo unapovutwa ina chimbuko jingine. Wakati huo beringi ya kusukumia sahani imeanza kubeba mzigo, na kikapu kimeanza kuzunguka kwa mwendo usiolingana na wa shafti kilichoegemea, hivyo beringi iliyo kati yao nayo imeanza kazi. Yafaa ikumbukwe kwamba jaribio hili hupunguza washukiwa, wala halihukumu. Kikapu cha pikipiki nyingi kina springi ndogo za kupoza mishtuko, na zikilegea hutoa mchakacho wenzo ukiwa umeachiwa, ambao hupungua au hutoweka unapovutwa, kama ufanyavyo ule wa beringi. Pengine hata ubovu haupo: injini ya silinda nyingi ambayo kabureta zake hazikulinganishwa huzunguka kwa kushtukashtuka, na mishtuko hiyo hukichezesha kikapu kizima.

Huenda msomaji akauliza kama tofauti ya neno moja yastahili ukurasa mzima. Na tuchukue mfano wa pikipiki ya Kiitaliano, Ducati 916, iliyoingia sokoni mwaka 1994. Klachi yake ni kavu: sahani zake haziogelei katika mafuta ya injini kama zilivyo za pikipiki nyingi, bali zimewekwa nje ya mafuta hayo, nyuma ya kifuniko cha pembeni. Mafuta yasipokuwapo, hakuna cha kuzuia masikio ya sahani yasigonge kuta za mianya ya kikapu. Mwendeshaji akisimama penye taa na kuvuta wenzo, sahani huachana na kuanza kuchezacheza, na pikipiki hulia kama manyanga ya ngomani. Akiachia wenzo gia ikiwa huru, sahani hushikana na kelele hukoma. Hiyo ndiyo hali yake ya kuzaliwa, na wapo wapenzi wa pikipiki hizo ambao wasipoisikia huona wamepunjwa.

Sasa fundi ashike tafsiri ya kwanza. Anavuta wenzo, anasikia kelele; anaachia, kelele inapotea. Kitabu kimemwambia akague beringi za giaboksi. Katika pikipiki za namna hii giaboksi na injini zimo ndani ya gamba moja, hivyo kuzifikia beringi hizo ni kuishusha injini yote na kulipasua gamba lake mara mbili. Kumbe jambo lililotakiwa, kama lilitakiwa lolote, ni kufungua skrubu za kifuniko cha klachi na kutazama kama masikio ya sahani yamechimba kuta za kikapu. Kazi ya saa moja imegeuka kuwa ya siku kadhaa, na mwenye pikipiki amelipia ugonjwa ambao haukuwapo.

Klachi kavu inatukumbusha utata mwingine. Mafundi wengi huita klachi iliyo kinyume chake "klachi ya mafuta". Jina hilo lingetosha kama lisingetumiwa pia kwa klachi ambayo wenzo wake hausukumi kwa waya bali kwa msukumo wa kiowevu kilicho katika mpira mwembamba. Hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Klachi ya Ducati 916 ni kavu, na papo hapo husukumwa kwa kiowevu. Mtu akiandika kwamba ni klachi ya mafuta atakuwa amesema kweli na uongo kwa pumzi moja. Twapendekeza klachi lowevu kuwa kinyume cha klachi kavu, na klachi ya haidroli kuwa kinyume cha klachi ya waya. Kwa istilahi hizo mfasiri ataweza kueleza bila kujikwaa kwamba mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilipotoa 1199 Panigale iliipa klachi lowevu, na kwamba Panigale V4 R iliyofuata miaka kadhaa baadaye ilirudishiwa klachi kavu.

Ama kuhusu majina ya milio yenyewe, Kiswahili hakina umaskini. Taabu iliyopo ni kwamba wafasiri hutumia neno kelele kwa kila kitu, kama daktari anayeandika "maumivu" bila kusema ni ya wapi. Mlio wa vitu vilivyolegea vinavyogongana upesi upesi tumeuita mchakacho. Mlio mnene wa mfululizo, kama wa nyuki mzingani, ni mvumo, nao huelekeza kwenye beringi. Chuma kikipita juu ya chuma ni mkwaruzo. Pigo moja zito ni kishindo, na mapigo madogo yanayorudiwa kwa kipimo ni mgoto. Kwa sauti kali ya ghafla, ya kitu kinachoalika, palipendekezwa neno mwaliko. Tuliliacha, kwa hofu kwamba wanafunzi wangedhani giaboksi inawakaribisha arusini.

Kishindo kinahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndicho huwaogopesha wengi bure. Katika giaboksi ya pikipiki jozi zote za gia huwa zimeumana meno wakati wote, na kuingiza gia ni kuisogeza gia moja kando hadi vijiti vifupi vilivyo ubavuni mwake viingie katika matundu ya jirani yake. Vijiti hivyo Waingereza wameviita kwa jina la mnyama afugwaye kulinda nyumba, na tumepata kuona tafsiri iliyoandika kwamba "mbwa wa gia wamechakaa". Twapendekeza vigingi. Injini ikiwa baridi, mafuta mazito hunata baina ya sahani za klachi lowevu, na hata wenzo ukivutwa sahani haziachani kabisa. Shafti ya kuingizia nguvu huendelea kuzunguka, ilhali ile ya kutolea nguvu imesimama pamoja na gurudumu. Gia ya kwanza ikiingizwa, vigingi hukutana kwa kishindo. Kishindo kimoja cha namna hiyo si ugonjwa.

Ugonjwa ni gia kuchomoka yenyewe pikipiki inapoongezwa nguvu, kwani hapo kingo za vigingi zimekuwa butu au uma unaosogeza gia umepinda. Mvumo unaosikika katika gia moja tu huishitaki jozi ya gia hiyo. Ukisikika katika gia zote na kupanda pamoja na mwendo wa gurudumu, mnyororo ukaguliwe kabla ya kufungua chochote, maana huo huonekana kwa macho na hurekebishwa kwa spana mbili.

Neno ambalo hatujalipatia suluhisho ni la hali hiyo ya sahani kutoachana kabisa wenzo unapovutwa. Kinyume chake, yaani sahani kutoshikana kabisa, mafundi huita klachi kuteleza, nasi hatuna la kuongeza. Kwa hii ya kwanza tumesikia klachi kunata, klachi kuburuta na klachi kung'ang'ania. Tunaelekea kunata, lakini neno hilo halifai sana pale ambapo sababu si mafuta bali ni sahani iliyopinda kwa joto. Walimu wa ufundi wenye neno litumikalo katika karakana zao wanaombwa kutuletea, pamoja na sentensi walimolisikia.