Tusiuite uonevu utani

Kila Simba na Yanga zinapokutana jijini Dar es Salaam, waandishi wa kurasa za michezo hawakosi kuziita watani wa jadi. Huenda huandika hivyo kwa mazoea tu, lakini neno wameliteua vyema. Utani ni taasisi kongwe katika jamii zetu. Mpare na Mchaga wakikutana safarini huchokozana kwa maneno ambayo, yakitamkwa na mtu baki, yangezua ngumi. Mjukuu humwita nyanya yake mke, naye babu akajifanya kuona wivu. Shemeji humkejeli shemeji mbele ya wageni na hakuna anayenuna.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo ngao ya kwanza ya kila mwonevu anayefumaniwa. Mwalimu wa zamu akiingia bwenini usiku na kumkuta mvulana mkubwa amempigisha magoti mwenzake mdogo, jibu analopewa walimu wote wanalijua: "Tulikuwa tunataniana tu, mwalimu." Mdogo akiulizwa, naye huitikia vivyo hivyo, tena huku akitabasamu. Basi mwalimu hurudi zake kulala.

Ipo kesi moja ya Marekani ambayo kila mwalimu angefaa kuijua, kwa kuwa jibu hilo la bwenini lilitolewa humo na wanaume wazima waliokuwa wakilipwa mamilioni ya dola, na lilichunguzwa neno kwa neno na mawakili.

Mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi na kuchezwa kwa kofia ngumu, si kandanda yetu. Timu inaposhambulia, majitu matano hujipanga mstari mmoja ili kumkinga mwenzao anayerusha mpira asije akaangushwa. Watano hao aghalabu hawafungi, wala watangazaji hawawataji isipokuwa wamekosea. Hutegemeana kama mafiga. Akiyumba mmoja, chungu kimemwagika. Jonathan Martin alijiunga na safu hiyo katika timu ya Miami Dolphins mwaka 2012, akitokea Chuo Kikuu cha Stanford, ambako alikuwa amesomea lugha na utamaduni wa Wayunani na Warumi wa kale. Katika msimu wake wa kwanza alianza mechi zote 16. Kwa hiyo asije mtu akafikiri kwamba alikuwa dhaifu uwanjani.

Tarehe 28 Oktoba 2013, Martin alichukua sahani yake katika chumba cha kulia cha timu, akaenda kuketi na wachezaji wenzake wa safu. Alipoketi tu, wote waliinuka wakamwacha peke yake mezani. Aliitupa sahani chini, akatoka, na hakuichezea timu hiyo tena. Siku hiyo hiyo alikwenda hospitalini kutafuta matibabu ya akili. Asiyejua yaliyotangulia angesema kijana amedeka, kwani kuachwa peke yako mezani ni mzaha wa watoto wa shule ya msingi. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulikuwa umekusanyika kwa mwaka mmoja na zaidi.

Ligi ya NFL ilimteua wakili Ted Wells kuchunguza. Yeye na wenzake waliwahoji watu zaidi ya 100, wakatoa ripoti ya kurasa 144 tarehe 14 Februari 2014. Ripoti ilisema kwamba wachezaji watatu wa safu hiyo, Richie Incognito, John Jerry na Mike Pouncey, walikuwa wamemdhulumu Martin kwa mfululizo, pamoja na mchezaji mwingine kijana na msaidizi wa tabibu wa timu aliyezaliwa Japani. Martin, mtoto wa wazazi wa rangi mbili, alitukanwa kwa rangi yake. Dada yake, ambaye wenzake hao hawakuwahi kukutana naye, alisemwa kwa matusi ya nguoni yasiyoandikika katika gazeti la heshima. Katika ujumbe wa sauti wa mwaka 2013, Incognito alimwita kwa tusi la rangi lililotanguliwa na neno "nusu", akaahidi kumzaba kofi mama yake mzazi, akamalizia kwa kusema atamuua.

Utetezi wa Incognito ulikuwaje? Alisema katika mahojiano ya televisheni mwezi Novemba 2013 kwamba hivyo ndivyo walivyozoea kuzungumza, na kwamba hakuwa na nia mbaya. Ryan Tannehill, aliyekuwa mrushaji mpira wa timu, alimfananisha Incognito na kaka mkubwa, yule anayekusumbua nyumbani lakini akawa wa kwanza kukutetea nje. Wachezaji wengi walikubaliana naye. Na kwa kweli ushahidi wa urafiki ulikuwapo: Incognito na Martin walikuwa wameandikiana jumbe za simu zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za soga na vicheko. Martin mwenyewe alitukana pia katika baadhi ya jumbe hizo. Alicheka. Hata ule ujumbe wa vitisho aliwahi kuwasikilizisha wenzake kana kwamba ni kichekesho.

Hapa ndipo suala linapokuwa gumu, na sisi tunaoshughulika na lugha hatuna ruhusa ya kulipita mbio. Kama wawili walitukanana na wote wakacheka, huo si utani ni nini?

Tuutazame utani wenyewe. Sifa yake ya kwanza ni kwamba hurudi. Mchaga akimwambia Mpare neno, Mpare analo lake tayari, na hakuna atakayemwadhibu kwa kulitoa. Pili, utani una mahali pake na watu wake: hujulikana nani mtani wa nani, na asiyekuwa mtani wako hana haki hiyo. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa na wengi, haki ya kumtania mtu hununuliwa kwa wajibu. Kwenye msiba mtani ndiye anayeigiza sauti ya marehemu na kuwachekesha wafiwa, lakini ni mtani huyo huyo anayetarajiwa kushika jembe kuchimba kaburi, au kuosha maiti, pale ambapo ndugu wa damu wamelemewa na huzuni. Mdomo wake umelipiwa na mikono yake.

Kwa kipimo hicho, kile chumba cha kubadilishia nguo cha Miami hakikuwa na utani. Incognito alikuwa mkongwe, na msimu ule wa 2013 alikuwa mmoja wa wachezaji sita walioteuliwa kuwa baraza la viongozi wa wachezaji. Wachezaji wenzake walimwogopa kwa kadiri walivyompenda. Martin akimjibu, huambiwa hana moyo wa kiume. Asipomjibu, huambiwa vivyo hivyo. Na Martin alipozama, akafikia hatua ya kuwaza kujitoa uhai, hakuna mkono wa mtani uliomshika. Mikono iliyokuwapo iliinua sahani na kuhama meza.

Safu ile ilikuwa pia na kitabu cha faini. Mchezaji akichelewa, au akifanya jambo lililowaudhi wenzake, huandikiwa kiasi cha fedha. Martin aliandikiwa faini kwa ajili ya "uoga", kwa neno la Kiingereza chafu kuliko hilo. Wachunguzi walikikuta kitabu hicho, wakaona kwamba Incognito alikuwa amejiandikia faini ya dola 200 kwa kosa la "kumvunja" Martin. Mchezaji kijana mwingine aliyekuwa akionewa aliandikiwa zawadi kwa kutokuwa wa kwanza kupasuka. Wachunguzi walikuta pia ujumbe ambamo Incognito, tarehe 3 Novemba 2013, siku aliyosimamishwa, alimwomba mwenzake akiharibu kitabu hicho asubuhi na mapema.

Nimelitafakari sana neno hilo, kuvunja. Kiswahili nacho kinalo: tunavunja moyo, tunavunja heshima, na mchekeshaji hodari twasema anatuvunja mbavu. Tofauti ni kwamba anayevunjwa mbavu ndiye anayecheka. Huko Miami waliocheka ni waliovunja, na aliyevunjwa akacheka nyuma yao ili asije akaachwa peke yake. Martin aliwaandikia wazazi wake hayo hayo: kwamba hutukanwa usoni naye hucheka, kwa kuwa anachelea ugomvi na anataka apendwe na kila mtu. Kicheko cha namna hiyo ni lugha, lakini maana yake si "nimekubali". Maana yake ni "nimeshindwa, tafadhali yaishe". Mwalimu anayesikiliza kicheko cha bwenini bila kuuliza nani alianza kucheka na nani alifuatia, amesikia sauti tu.

Lipo neno jingine katika ripoti ile: Yuda. Safu ile ilikuwa na sheria yake kwamba anayewataja wenzake kwa wakubwa ni Yuda, na Yuda hutozwa faini. Neno la Biblia, lenye uzito wa karne ishirini, lilitumika kumziba mdomo kijana asiende kwa kocha. Shuleni kwetu huitwa mchongezi. Naona tumeshiriki sote kulipa neno hilo nguvu kupita kiasi, kwa kumweka kapu moja anayesingizia wenzake na anayelia kwa sababu anapigwa.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni jando la wanamichezo, kwamba kila mgeni hupitia moto ndipo awe mtu. Ni kweli kwamba desturi ya kuwatumikisha wageni imeenea katika mchezo huo. Mwaka 2010 Dez Bryant, mgeni wa Dallas Cowboys, alikataa kumbebea mkongwe mavazi yake ya kujikinga, na baadaye akabebeshwa gharama ya chakula cha wachezaji wenzake mkahawani, karibu dola 55,000. Huyo alikuwa na fedha. Cam Cleeland hakusalimika kwa fedha. Katika kambi ya New Orleans Saints mwaka 1998, wageni walifunikwa vichwa kwa foronya wakalazimishwa kupita katikati ya safu mbili za wakongwe, na Cleeland akapigwa jichoni kwa soksi iliyojazwa sarafu. Uoni wa jicho hilo uliharibika.

Jando nalijua kuwa lina maumivu, na simo miongoni mwa wanaolipamba. Lakini jando lina mzee anayewajibika kwa kila mtoto aliyekabidhiwa, lina siku ya kutoka, na anayetoka huwa sawa na waliomtangulia. Mzee wa jando la New Orleans alikuwa nani? Na la Miami lilikwisha lini? Martin alikuwa katika msimu wake wa pili alipoachwa mezani. Yule msaidizi wa tabibu hakuwa mchezaji kabisa, wala hapakuwa na utu uzima wowote aliokuwa akingojea kukabidhiwa na watu waliomwigiza lafudhi yake. Tarehe 7 Desemba 2012, siku ya kumbukumbu ya shambulio la Pearl Harbor, walivaa vitambaa vya Kijapani vichwani wakamtishia kwamba watalipiza kisasi. Kocha wa safu, Jim Turner, yeye alishiriki dhihaka dhidi ya yule mchezaji kijana wa pili. Kama jando lilikuwa na kungwi, kungwi ndiye huyo. Timu ilimfuta kazi Februari 2014, pamoja na tabibu mkuu wa timu.

Martin alihamishiwa San Francisco mwezi Machi 2014, akachukuliwa na Carolina mwaka 2015, na mwaka huo huo akastaafu kwa maradhi ya mgongo, hajatimiza miaka 26. Incognito hakucheza msimu wa 2014. Mwaka 2015 alisajiliwa na Buffalo Bills, na kwa misimu mitatu mfululizo akateuliwa miongoni mwa nyota wa ligi. Mwenye kutafuta haki katika matokeo ya mpira ataitafuta sana.

Kuna sentensi katika ripoti ile ambazo wengi wa waliobishana kuhusu kesi hii hawakuzisoma. Martin aliwaeleza wachunguzi kwamba alionewa alipokuwa mwanafunzi wa shule ya kati na ya sekondari, na kwamba huko ndiko alikopoteza ujasiri wa kujitetea. Jitu lile lililoajiriwa kuwakinga wengine kwa mwili wake lilifika Miami likiwa tayari limefundishwa kutojikinga, na mwalimu wake wa somo hilo alikuwa mvulana fulani darasani, na watu wazima waliopita wakasikia kicheko.

Vizazi vya wanafunzi wa shule zetu za bweni vinalijua neno "mono", jina la mgeni wa kidato cha kwanza, na kitenzi kilichozaliwa nalo, kumonolaizi. Lugha haiundi kitenzi pasipo kazi ya kukipa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili au kisaikolojia. Sheria hiyo haikuweka ubaguzi kwa mateso yanayoitwa mzaha.

Basi mwalimu wa zamu akijibiwa tena kwamba "tulikuwa tunataniana", asibishane. Awatenganishe wawili hao, kila mmoja ahojiwe peke yake, na swali liwe moja: mara ya mwisho mdogo alipomtania mkubwa ilikuwa lini, alimwambiaje, na mkubwa alifanya nini? Watani wa kweli watamjibu kwa pamoja kabla hajamaliza kuuliza, tena wataanza kubishana nani alimshinda mwenzake. Wale wengine watamtazama.