Jaketi Nyuma ya Mlango

Kwetu Sori, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mtu akizama na mwili wake usipatikane, Waluo huzika tunda la yago mahali pake. Ni lile tunda refu la mti wa mwegea, zito kama mtoto wa miezi minane. Niliwaona baba zangu wadogo wakilishusha kaburini kwa ajili ya mdogo wangu, polepole, kana kwamba lingeumia.

Siku aliyozama, jaketi lake la kuokoa maisha lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nililinunua mimi, kwa faida ya kuuza omena, dagaa wetu. Alilivaa mara mbili, akasema linambana makwapa anapovuta nyavu. Sikubishana naye. Ziwa hili tumeoga humo, tumefua humo, tumesomeshwa na samaki wake, tulidhani linatujua.

Omena huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa zinazoelea majini ili wadudu na samaki wazifuate. Bahati mbaya ni kwamba usiku ndio wakati wa dhoruba pia. Jua likishatua, nchi kavu hupoa upesi, lakini ziwa hubaki na joto lake. Hewa baridi huteremka kutoka nchi kavu kuelekea majini, ikakutana huko na ile hewa yenye unyevu na kuisukuma juu, na mawingu ya radi yakajengeka wavuvi wakiwa kazini. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mvuvi aliye mbali na ufuo hana pa kukimbilia.

Katika giza la kwanza la mwezi baada ya msiba, kila kijana aliyesukuma boti alikuwa amevaa jaketi. Najua, maana nilikuwa nakaa ufuoni jioni na alfajiri, sikuweza kukaa nyumbani. Hata wazee waliokuwa wakiyaita mzigo waliyafunga kamba hadi shingoni. Giza la pili, wengine wakayakalia kama mito. Giza la tatu nikayaona yamerudi kwenye misumari.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia matangani. Msiba hutuamsha kweli, lakini hautukeshei. Unatupa majuma machache tu ya kuona hatari waziwazi, kisha mazoea yanarudi na kukaa kwenye kiti chao. Hata mataifa hupatwa na hayo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Tanzania nzima ililia. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hilihili, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho kimejaza kupita kiasi. Wakafa zaidi ya watu 220. Sisemi hawakuwalilia wafu wao. Nasema machozi peke yake hayahesabu abiria.

Basi mimi sikungoja giza la nne. Niliwaendea kina mama wenzangu wanaonunua omena, tukakubaliana: boti ikirudi na mtu asiye na jaketi, hatununui. Tulichekwa. Asubuhi moja kijana akashuka kifua wazi, madebe yake yamejaa, omena wanang'aa.

"Mama, jana ziwa lilikuwa limelala," akaniambia.

"Siku ile pia lilikuwa limelala, mwanangu."

Akasimama pale na madebe yake mpaka jua likapanda, na omena hawavumilii jua wakiwa wamerundikwa. Iliniuma, namjua mama yake. Jioni yake alitoka na jaketi.

Si wote waliofuata, na wako wanunuzi wa nje wasiojali. Lakini kwenye zile boti tunakonunua sisi, jaketi sasa ni kama kasia: bila hilo hakuna safari. Ndiyo maana naandika nikiwa bado naumia, kabla sijazoea.

Wewe mwenye mume, kaka au mtoto anayetoka ziwani leo, usimuulize kama analo jaketi. Nenda naye hadi ufuoni, umfunge kamba kwa mkono wako.