Mzinga wa Mwale: Silaha za Mchezo Kasongo na Kabambare

Neno mzinga katika Kiswahili lina maana mbili zilizozaliwa na umbo moja, yaani gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, na silaha kubwa ya chuma irushayo makombora. Umbo hilo ndilo linalomwongoza mtoto wa Kasongo au wa Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, anapotaka kuunda mzinga wake mdogo, kwa maana jambo la kwanza analolitafuta ni kitu chenye uwazi ndani, naye hukipata katika mwanzi, katika bua la jani la mpapai au katika kopo tupu la maziwa.

Mizinga ya kweli ilikwisha kupita katika nchi hiyo. Kasongo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, ilitekwa mwezi wa Aprili 1893 na jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya Francis Dhanis. Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp, wenye tundu la milimita 75, liliangukia boma la Rumaliza, mpinzani wa jeshi hilo, boma likiwa ni ngome ya magogo na mahandaki, likawasha moto na kulipua baruti iliyohifadhiwa humo, hata watu wengi wakaangamia kabla hawajapata njia ya kutokea. Na mwezi huo haukuisha kabla Kabambare nayo haijatwaliwa. Vita vya 1996, na vile vya 1998 hadi 2003, vilirudisha silaha nzito katika barabara zilezile, kwa hiyo mchezo huu si wa kuubeza hata kidogo: mtoto anakitia kiganjani kitu kilichowahi kuwakimbiza wazee wake msituni.

Malighafi iliyo bora kuliko zote ni mwale, mti wa jamii ya michikichi uotao penye majimaji. Uti wa kuti lake una ganda gumu linalong'aa, na ndani yake mna nyama nyeupe, nyepesi, inayokatika kwa kisu bila kupasuka. Ganda hilohilo huchanwa kuwa njiti zilizochongoka, nazo ndizo misumari inayoshika kipande kwa kipande, hivyo kazi nzima huweza kumalizika bila gundi. Magurudumu hukatwa katika soli za kambambili zilizochakaa, au yakawa vifuniko vya chupa, na mhimili wake ukawa spoki ya baiskeli.

Waundaji wa vielelezo vidogo vya silaha huko Ulaya, ambao hununua vipande vya plastiki vilivyotoka kiwandani, hufuata kipimo cha namba, na kilichozoeleka kwa silaha za kijeshi ni 1 kwa 35. Kwa kipimo hicho tundu la Krupp lingepungua hadi milimita 2 na ushei, yaani karibu unene wa spoki. Mtoto wa Kabambare hana namba hiyo. Kwake gurudumu lililookotwa ndilo linaloamuru urefu wa mtutu na upana wa kitako, naye hulinganisha kwa jicho tu, kazi ambayo kwa haki inastahili kuhesabiwa kuwa ngumu zaidi.

Rangi hutoka jikoni na barabarani: masizi ya sufuria yaliyokandwa kwa mafuta ya mawese, udongo mwekundu, na maji ya majani ya mihogo, yaleyale ya mboga ya sombe, kwa kijani cha kijeshi. Kutu, ambayo mchoraji wa Ulaya huiiga kwa subira kubwa, kopo huwa nayo tayari.

Walio wadogo zaidi huunda bunduki ya mgomba. Uti wa jani huondolewa majani yote, kisha mgongo wake hukatwa ndimi tano au sita za mshazari ambazo hazikatwi hadi mwisho. Ndimi zikisimamishwa, kiganja kikapitishwa juu yake kwa kasi, hulala moja baada ya nyingine kwa mlio wa risasi mfululizo. Mtoto akimwelekezea mtu mzima hukemewa papo hapo, hata kama mkubwa huyo anajua kwamba ni jani. Uti huo hunyauka siku hiyohiyo, ndimi zikakataa kusimama, na jioni mbuzi huumaliza.