Kazi ya Mwuguzi Mbele ya Sheria

Wengi katika wasomaji wetu humdhania mwuguzi kuwa ni mtu wa mavazi meupe ambaye kazi yake ni kutii tu: daktari akisema fanya, hufanya, akinyamaza, hungoja. Sura hiyo yapendeza machoni, lakini mbele ya sheria haitoshi. Twapenda kuieleza habari hii kwa kesi moja ya Marekani iliyokatwa mwaka 1965.

Tarehe 5 Novemba 1960 kijana wa miaka 18 alivunjika mguu akicheza mpira wa Kimarekani, akapelekwa hospitali ya mji wa Charleston, jimbo la Illinois. Daktari wa zamu akaufunga mguu kwa plasta ya jasi. Haukupita muda mrefu kijana akashikwa na maumivu makali. Vidole vikavimba na kuwa vyeusi, kisha vikapoa visihisi kitu. Hizo ni dalili kwamba damu haipiti. Mwuguzi aliyefundishwa azijua vema, maana hutazama rangi ya vidole, hugusa apate kujua joto lake, na humwuliza mgonjwa kama ahisi akiguswa. Nayo ni kazi ya dakika chache. Plasta ilipasuliwa siku tatu baadaye. Kijana alihamishiwa St. Louis baada ya majuma mawili, wakajaribu kuuponya mguu wasiweze, ukakatwa chini ya goti.

Daktari alipatana na kijana nje ya hukumu kwa dola 40,000. Hospitali ilishindana: matibabu, ilisema, ni juu ya daktari. Mahakama Kuu ya Illinois haikukubali. Ilisema juri lilikuwa na haki kuona kwamba wauguzi hawakuupima mguu mara kwa mara kama ilivyopasa. Kwamba mwuguzi stadi angaliitambua hatari na kumwarifu daktari, na daktari asipotenda neno, angaliwaarifu wakuu wa hospitali. (Haikumtaka mwuguzi amnyang'anye daktari kazi yake, kama wengine walivyoogopa, ilimtaka aseme.) Hospitali ikatozwa dola 110,000.

Basi msomaji akimwona mwuguzi usiku akiandika katika karatasi ya mgonjwa saa ngapi alitazama, aliona nini, na alimwarifu nani, asidhani kwamba anapoteza wakati ambao angemhudumia mgonjwa. Kesi ikifika barazani, karatasi ile ndiyo itakayoulizwa kwanza.