Kwaresima: nyama inakatazwa, lakini samaki si lazima
Wakati wa Kwaresima, Wakatoliki wengi wa Bukavu na Goma wanaacha nyama siku ya Ijumaa na kutafuta sambaza ao makayabu. Lakini sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiamuru mtu anunue samaki: inakataza nyama tu, kwa yule aliyetimiza miaka 14. Mayai na maziwa vinaruhusiwa.

Kufunga, ni kusema kula mara moja tu kwa kushiba, ni kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, toka miaka 18 mpaka 59. Mgonjwa na mama mwenye mimba hawalazimishwi.

Basi jamaa isiyo na franga za samaki, ikipika sombe na maharagi, imetimiza sheria. Kinachobaki, desturi inaomba kimfikie maskini.