Kimelea cha Paka na Mama Mjamzito (3): Paka Mwacheni, Tutazame Shamba

Kila ikikaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, matangazo ya chanjo hutaja mbwa na paka kwa pamoja, na mitaani Sumbawanga maneno huanza upya: nyumba yenye mjamzito haifai kuwa na paka. Basi mnyama hutiwa kwenye kiroba akatupwe mbali, na mume hurudi akijiona ametimiza wajibu.

Mliosoma sehemu mbili zilizotangulia mnajua toksoplasma, yaani kimelea cha paka, inavyozunguka. Nikumbushe jambo moja tu: paka akiambukizwa hutoa mayai ya kimelea kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja maishani, na mayai hayo hukaa nje siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza. Baada ya hapo huweza kudumu kwenye udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka. Mimi naliogopa shamba walikofukia kinyesi paka wa kijiji kizima kuliko paka aliyejikunja jikoni.

Na huku kwetu, ukitaja shamba umetaja matuta ya intumba. Nyanda za juu za Ufipa hazina miti ya kutosha. Wabemba wa Zambia walikata matawi, wakayachoma, wakapanda kwenye majivu; Mfipa, asiye na msitu wa kuchoma, aligeukia nyasi. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi mbichi hupinduliwa pamoja na udongo wake, zikakusanywa kuwa matuta ya mviringo na kuozea humo. Juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata matuta hubomolewa, udongo husambazwa, ulezi hupandwa. Mbolea hiyo haikununuliwa popote.

Ulezi ukiingia ghalani, panya hufuata. Panya wakija, paka huhitajika. Anayemtupa paka anawafungulia mlango panya, nao pia hubeba kimelea hiki. Charles Nicolle na Louis Manceaux walipokigundua Tunis mwaka 1908 walikikuta kwa gundi, mnyama wa jamii ya panya. Paka hakuhusishwa hadi miaka ya 1960.

Nani anabomoa matuta? Mara nyingi ni mama, mimba tumboni, anayechambua mizizi kwa vidole, kisha anakula kiporo hapo hapo kwa mikono aliyoipangusa kwenye kanga. Mume aliyembeba paka kwenye kiroba wakati huo yuko kijiweni.

Huko kijiweni ndiko iliko hatari nyingine, yaani nyama. Nyuzi 67 za Selsiasi huua vifuko vya kimelea, lakini kitimoto chenye wekundu ndani hakijafika huko. Wanaojisifu kula nyama nusu mbichi wasiwafungie wake zao zawadi hiyo.

Na kliniki? Mjamzito hupimwa VVU, kaswende, malaria na wingi wa damu; toksoplasma haimo katika vipimo vya kawaida. Utafiti wa wajawazito 350 wa Mwanza, uliochapishwa 2013, uliwakuta karibu theluthi moja wana kingamwili. Aliyeambukizwa zamani kwa kawaida mtoto wake yuko salama. Wasiwasi ni kwa anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Mimba ikiwa changa kimelea humfikia mtoto kwa nadra, ila kikifika huumiza vibaya ubongo na macho. Ikiwa kubwa, humfikia kwa urahisi zaidi ila madhara hupungua. Ufaransa hupima wajawazito wake tangu 1978. Sisi, wakati tunasubiri kipimo, tupeleke shambani ndoo ya maji na sabuni, na mwaka huu matuta yabomolewe na baba.

Sehemu ijayo: maji ya visima na mboga za mabondeni.