Dizaina wa Soweto: Kadi, Benaa na Mfuko wa Mchele

Mbunifu wa grafiki anayejitegemea hupanga maandishi, picha na rangi ili zichapwe au zitazamwe kwenye simu, na hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Soweto, eneo la biashara la Jiji la Mbeya lililo kando ya barabara kuu ya TANZAM, wateja humwita dizaina, au fundi tu, kama wanavyomwita fundi cherehani na fundi redio. Jina hilo la pili linamfaa kuliko wengi wanavyodhani. Ofisi yake mara nyingi ni meza moja ndani ya steshenari ya mtu mwingine: kompyuta, printa, na benchi ambalo mteja hukalia huku akielekeza kwa kidole kwenye skrini, kisogoni mwa fundi.

Kabla ya kompyuta, kazi hii ilikuwa ya mchora mabango. Alipiga mistari kwa kamba na chaki, akajaza herufi kwa brashi na rangi ya mafuta juu ya bati, ubao au ukuta. Kichwa kilichonyolewa vizuri kilitosha kumtangaza kinyozi, na ng'ombe kutangaza bucha. Rangi ya jamii hiyohiyo ya kung'aa ndiyo Edward Saidi Tingatinga aliyoitumia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968, akichora wanyama kwenye vipande vya ubao mwembamba, hadi alipofariki mwaka 1972. Mtindo wake uliuzwa kwa wageni ukaitwa sanaa, ilhali wachora mabango wa mikoani waliendelea kuitwa mafundi rangi. Kilichowatofautisha kilikuwa mnunuzi zaidi ya mkono. Mashine za kuchapa benaa zilipoenea, mchora mabango alinyang'anywa kazi za haraka, lakini brashi haikufa: majina kwenye milango ya malori yanayopita TANZAM, pamoja na maneno ya nyuma ya bajaji, bado yapo ya kuandikwa kwa mkono.

Dizaina wa leo hufuata kalenda ya mji. Mavuno yakishaingia na fedha kuonekana, huanza msimu wa harusi, sendoff na vipaimara. Mwezi wa nane wafanyabiashara hujiandaa kwa maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Shule zikifungua ni nembo za sare na kadi za vitambulisho. Misiba haina msimu: picha ya marehemu hufika asubuhi kwa simu, na fulana zinatakiwa kabla ya mazishi.

Kadi ya harusi ndiyo kazi inayoonyesha vizuri fundi analipwa kwa nini. Huanza kadi ya mchango, yenye namba ya simu ya kupokelea fedha na tarehe ya mwisho, kisha hufuata kadi ya mwaliko, ambayo ni ya mtu mmoja au ya wawili kulingana na alichochanga mwalikwa. Kamati ya harusi ina watu wengi na kila mmoja ana jicho lake. Shangazi anataka maua ya waridi, mwenyekiti anataka dhahabu, bibi harusi ameona mfano mtandaoni wenye nafasi nyeupe nyingi na maneno machache. Juu ya yote kuna suala la majina: nani anatangulia, mzee yupi aandikwe "marehemu", ukoo wa upande gani ukae kushoto. Kosa la rangi husamehewa. Kosa la jina la baba mkwe hurudisha kadi zote mashineni. Kwa hiyo fundi mzoefu hachapi mpaka mtu mmoja wa kamati, na awe mmoja tu, amesoma nakala ya majaribio na kuisaini. Siku hizi kadi nyingi hutumwa kwa WhatsApp zikiwa na msimbo wa mraba unaosomwa mlangoni kwa simu, na kazi imehama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye orodha ya majina isiyotakiwa kuwa na kosa.

Rangi ni ugomvi wa kila siku. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu, nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Mwanga una rangi ambazo wino hauzifikii. Mbeya tatizo hili linajulikana kwa sababu ya zambarau. Ndiyo rangi ya Mbeya City, timu iliyoanzishwa mwaka 2011 na kupanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na mashabiki wanapotaka fulana au benaa wanataka zambarau ileile waliyoiona inawaka kwenye simu. Ikichapwa bila kurekebishwa hutoka imepoa, ikiegemea bluu. Fundi huongeza majenta na kupunguza sayani, huchapa kipande kidogo, hukitoa nje kukitazama kwenye mwanga wa jua, kisha hurekebisha tena.

Jua nalo lina kazi yake. Katika wino wa kawaida, njano na majenta ndizo zinazotangulia kufifia, na ndiyo maana benaa iliyokaa nje muda mrefu hubaki na sura za bluu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili, huja na upepo unaochana kitambaa kwenye matundu ya kamba. Benaa huuzwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo ya mita 3 kwa 2 ni mita za mraba 6 za malipo, na mteja anayebana matumizi hupunguza ukubwa lakini hapunguzi maneno. Hapo ndipo huduma kumi na mbili, namba tatu za simu na picha ya mwenye duka hubanana mahali ambapo dereva ana sekunde chache za kusoma. Fundi mzuri hubishana kidogo, kisha huandika neno moja kubwa na kuyarudisha mengine chini.

Picha zinazoletwa ni shida nyingine. Karatasi ya kushikwa mkononi inahitaji takriban nukta 300 kwa inchi, lakini mteja huleta picha iliyokwisha kupita kwenye makundi manne ya WhatsApp, programu ambayo hubana picha zinazotumwa. Ukiikuza, uso unakuwa vigae. Dawa yake ni picha kutumwa kama dokyumenti, na nembo kuchorwa kwa mistari ya hesabu inayokuzwa kutoka kwenye kadi hadi kwenye ukuta bila kuharibika.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Iliyoingia badala yake, mifuko mbadala ya kitambaa, ilikubali wino vizuri, na duka lolote liliweza kutembezwa mjini na wateja wake. Kazi nyingi ya aina hii ni ya uchapaji wa skrini. Kitambaa chenye matundu madogo huvutwa juu ya fremu ya mbao na kupakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Mchoro mweusi hulazwa juu yake, fremu humulikwa, kisha huoshwa kwa maji: pale ambapo weusi ulizuia mwanga, dawa hutoka na kuacha njia ya wino, unaosukumwa kwa kipande cha raba. Kila rangi ina fremu yake, na fremu ya pili ikisogea milimita mbili, herufi hupata kivuli kisichoombwa. Nembo ya rangi saba, nzuri kwenye simu, ni hasara kwenye mfuko.

Mchele wa Kyela na Mbarali na kahawa ya Mbozi vimeleta kazi ya vifungashio. Hapa fundi hana uhuru wote. Uzito, tarehe za kutengenezwa na kuisha muda, na anwani ya mzalishaji lazima vionekane. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) haiwekwi bila mzalishaji kupewa leseni. Msimbo wa mistari wenye namba zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Jambo la kusikitisha ni kwamba mapambo ya vifungashio vingi hutoka kwenye majani na mawimbi yanayopakuliwa bure mtandaoni, ilhali hazina ya michoro iko jirani. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hupamba vyungu vyao kwa udongo mwekundu na mweupe, navyo huuzwa Matema na kupandishwa hadi masoko ya Mbeya. Vikapu vya Wahehe vya milulu vina mistari inayopanda kwa hesabu. Karibu na mji wa Iringa, mwamba wa Igeleke una michoro ya kale. Iringa hukohuko, Neema Crafts imekuwa tangu mwaka 2003 ikiuza kazi za mikono za mafundi wenye ulemavu.

Sanaa ya Mbeya yenyewe huonekana zaidi kanisani, ukumbini na kwenye simu. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kwaya zimekuwa wateja wakubwa wa kava na matangazo ya uzinduzi. Tangazo la namna hii lina sheria zisizoandikwa: mgeni rasmi hukaa katikati na ni mkubwa kuliko wote, wachungaji hulingana kwa kimo, waimbaji huwa chini. Msanii wa bongofleva, akiota njia ya Rayvanny aliyezaliwa Mbeya, anataka uso mmoja na herufi chache, kwa sababu kava lake ni mraba wa pikseli 3000 kwa 3000 utakaotazamwa ukiwa mdogo kama ukucha.

Kazi hizi zote zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki huanza kazi inapobuniwa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husaidia kuithibitisha mgogoro ukitokea. Nembo ya biashara ni suala la pili: mwenye biashara huisajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Soweto makubaliano mengi hufanywa kwa mdomo, na wizi wa kawaida ni mteja kupiga picha skrini na kuipeleka kwa fundi wa bei nafuu. Kwa hiyo mafundi hudai kianzio kabla ya kuwasha programu, hutuma sampuli yenye maandishi yaliyokatiza katikati, na hubaki na faili asilia kwenye flashi mpaka salio liingie.